Maana ya Neno "Kimbunga" na Ndugu Zake

Katika mafundisho ya leo twataka kulitazama neno moja ambalo husikika sana midomoni mwa watu, nalo ni neno kimbunga. Huenda mtu akasema, "Neno hilo ni nani asiyelijua?" Sisi nasi tulidhani hivyo, hata siku moja tulipotambua kwamba kulijua neno kwa sikio si sawasawa na kulijua kwa maana yake. Kisa chenyewe ni hiki.

Mwanzo wa mwezi wa Mei mwaka 2024 lilikuja tangazo la hali ya hewa kwamba kimbunga kilichopewa jina Hidaya kilikuwa baharini, nacho kilikuwa kikielekea pwani ya Tanzania. Sisi tulikuwa katika kijiji kimoja cha pwani, kusini ya mto Rufiji, na kazi yetu ilikuwa kuwasomea watu tangazo lile barazani. Tulipokwisha kusoma, mzee mmoja mvuvi alisimama akauliza, "Karani, mwanangu, kimbunga hicho ndicho kile kinachozungusha majani na vumbi uwanjani mchana wa jua kali?" Nasi, kwa haraka ya kazi, tulimjibu, "Ndicho, mzee wangu, ila hiki ni kikubwa zaidi."

Mzee alicheka. Akasema, "Basi kama ndicho, tangu utoto wangu nakiona, nacho hakijanichukulia hata kofia." Akaenda zake. Vijana walipozivuta mashua zao mpaka juu penye minazi, yeye aliiacha yake pale pale ufukoni, imefungwa kwa kamba moja. Siku ya pili yake bahari ilifura, mawimbi yakaipiga mashua ile juu ya mawe hata ikapasuka ubavu mzima. Tulipokwenda kumpa pole hakutulaumu kwa ukali. Alisema tu, "Mwanangu, hukuniambia uwongo, lakini hukuniambia kitu."

Maneno hayo yalituchoma. Kwa hiyo leo twataka kumjibu mzee wetu kama ilivyotupasa kumjibu siku ile, na pamoja naye kila msomaji ambaye huenda akaulizwa swali kama hilo.

Ndugu wa neno hili

Kiswahili ni tajiri wa maneno ya upepo, kwa kuwa wenyeji wa pwani tangu zamani wamesafiri kwa tanga. Kuna kaskazi na kusi, pepo mbili zinazogawana mwaka. Na baina yao kuna majira ya tanga mbili, wakati pepo zinapobadilika. Hizo ni pepo za desturi, zenye faida kwa msafiri. Lakini yako maneno mengine ya pepo zenye kudhuru, nayo ndiyo yachanganywayo. Na tuyapange moja moja.

La kwanza ni kisulisuli, na wengine huuita upepo wa chamchela. Huu ni upepo mdogo wa kuzunguka, uonekanao mchana wakati ardhi imechomwa na jua. Hewa iliyo karibu na ardhi hupata moto, hupanda juu kwa haraka, na katika kupanda kwake huzunguka, ikichukua vumbi, majani makavu na karatasi. Upana wake ni wa hatua chache, na maisha yake ni ya dakika chache. Wazee wa mahali pengi walisema kwamba ndani yake mna shetani apitaye, na watoto wakakatazwa kusimama njiani mwake. Huu ndio aliokuwa akiufikiri mzee wetu.

La pili ni dhoruba. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya kupiga, na maana hiyo haijapotea katika lugha yetu, maana twasema bado "kwa dharuba moja", yaani kwa pigo moja. Dhoruba ni upepo wa nguvu ujao pamoja na mvua, ngurumo na radi, nao hupiga ghafula. Katika bara, nyumba zinapoezuliwa mabati siku ya mvua kubwa, mara nyingi sababu yake ni hii: hewa baridi huporomoka kutoka katika wingu la radi, ikifika chini hutawanyika pande zote kwa kishindo. Huchukua dakika kadhaa au saa moja, kisha hutulia. Katika Ziwa Viktoria dhoruba hizo hutokea sana usiku, nazo huwakuta wavuvi wakiwa kazini. Kwa hiyo mvuvi wa ziwani asijifariji akisema, "Kwetu hakuna kimbunga." Kweli hakuna, lakini dhoruba iko, nayo yatosha kuzamisha mtumbwi.

La tatu ni tufani. Neno hili nalo ni la Kiarabu, na huko asili yake maana yake ni mafuriko makubwa, kama yale ya wakati wa Nabii Nuhu. Lakini lilipofika kwetu lilibadilika. Mafuriko tuliyapa jina la gharika, nalo ni la Kiarabu pia, lenye maana ya kuzama. Na neno tufani tukaliacha kwa upepo mkali wenye kuchafua bahari. Nahodha asemapo, "Tulipatwa na tufani," twaelewa kwamba bahari ilichafuka na chombo kikawa hatarini, ingawa hatujaambiwa sababu yake. Tufani, basi, ni jina la hali ya bahari na upepo, si jina la kitu kimoja chenye umbo lake.

Na hapa ndipo kimbunga kinapotengana na ndugu zake. Kimbunga kina umbo, kina kitovu, kina njia, kina umri, na siku hizi kina jina lake mwenyewe kama mtu.

Kimbunga ni nini hasa?

Kimbunga huzaliwa juu ya bahari yenye moto, ambayo maji yake yamefikia digrii 26 au 27 za Sentigredi. Maji hayo hutoa mvuke mwingi, mvuke hupanda, na upandapo hugeuka kuwa mawingu na mvua. Kugeuka huko hutoa joto, joto huzidi kuipandisha hewa, na hewa nyingine hukimbilia mahali pale kutoka kila upande. Kwa kuwa dunia yetu inazunguka, hewa ile haiendi kwa njia iliyonyoka. Hupinda, na mwisho huwa duara kubwa la upepo na mawingu, lenye upana wa kilometa mamia. Upande wetu wa kusini ya Ikweta duara hilo huzunguka kama mishale ya saa. Upande wa kaskazini huzunguka kinyume chake.

Karibu kabisa na Ikweta nguvu hiyo ya kupinda ni ndogo mno, kwa hiyo vimbunga kwa kawaida havizaliwi ndani ya digrii kama 5 za Ikweta. Hii ndiyo sababu moja watu wa Mombasa, walio kama digrii 4 kusini, hawana mazoea na vimbunga kama watu wa Msumbiji au Madagaska. Watu wa Lindi na Mtwara, walio kama digrii 10, wako karibu zaidi na njia yake.

Si kila duara la namna hiyo liitwalo kimbunga. Katika sehemu yetu ya Bahari ya Hindi hupewa jina lake upepo ukifika kilometa 63 kwa saa. Lakini wataalamu hawakiiti kimbunga kamili mpaka upepo wake ufikie kilometa 118 kwa saa. Msomaji na alinganishe. Matangazo ya bahari ya siku nyingi, yale yanayowazuia wavuvi wasitoke, hutaja mara nyingi upepo wa kilometa 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2. Kilometa 118 ni karibu mara tatu ya 40. Lakini msukumo wa upepo hauzidi mara tatu tu. Mwendo ukizidi mara tatu, msukumo huzidi mara tisa. Kwa hiyo mlango uliostahimili upepo wa kawaida si ushahidi kwamba utastahimili kimbunga.

Jambo la ajabu, tena la hatari, ni kitovu chake, ambacho wataalamu hukiita jicho. Katikati ya kimbunga chenye nguvu mna mahali penye utulivu, na upana wake huwa kilometa 30 au 60, pengine zaidi au pungufu. Jicho linapopita juu ya mji, upepo hukoma ghafula, mvua hukatika, na huenda hata jua likaonekana. Asiyejua hutoka nje akimshukuru Mungu, akaenda kutazama mashua yake au kuokota mabati yake. Kumbe amefika nusu ya safari. Baada ya muda upepo hurudi kwa nguvu zile zile, lakini kutoka upande mwingine, na ukuta uliokuwa umekingwa kwanza sasa ndio upigwao. Wengi wamepotea katika nusu hii ya pili. Tungalimwambia mzee wetu jambo hili moja tu, asingalikifananisha na kisulisuli.

Habari za vimbunga vilivyotufikia

Wako wasemao kwamba vimbunga ni mambo ya ng'ambo, wala havijafika kwetu. Hii si kweli. Tarehe 15 Aprili mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, katika utawala wa Sayyid Barghash. Merikebu zake na majahazi ya wafanyi biashara yalivunjika bandarini, na sehemu kubwa sana ya mikarafuu na minazi ya kisiwa iliangushwa. Lakini kisiwa cha Pemba kilisalimika kwa sehemu kubwa. Mkarafuu huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa vema, na kwa hiyo bei ya karafuu ilipanda, na mashamba ya Pemba yakapata nguvu. Tangu siku zile Pemba imeishinda Unguja kwa karafuu, na kimbunga kile ni mojawapo ya sababu zake.

Miaka 80 baadaye, mwezi wa Aprili mwaka 1952, kimbunga kingine kiliipiga Lindi. Mwaka 2019 ndugu zetu wa Msumbiji walipatwa mara mbili: mwezi wa Machi kimbunga Idai kiliuharibu mji wa Beira, na tarehe 25 Aprili kimbunga Kenneth kilipiga Cabo Delgado, kusini kidogo ya mpaka wetu wa Mtwara, baada ya kuvipitia visiwa vya Ngazija. Mwezi wa Aprili mwaka 2021 kilitangazwa kimbunga Jobo, lakini kilipungua nguvu kabla ya kufika pwani ya Dar es Salaam, na watu wengi hawakuona zaidi ya mawingu.

Twataka kusimama hapo kidogo. Baada ya Jobo tuliwasikia watu wakisema, "Kimbunga cha uwongo hicho, walitutisha bure." Na miaka mitatu baadaye lilipokuja tangazo la Hidaya, neno lilikuwa limekwisha kupungua uzito masikioni mwao. Lakini kimbunga kudhoofika si uwongo wa aliyetangaza. Mtu akikuonya kwamba simba yuko njiani, simba akageuka akaenda porini, je, utasema kwamba simba hakuwako?

Tena Hidaya chenyewe kilitufundisha. Kilipofika kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei 2024 kilikuwa kimepoteza nguvu nyingi. Hata hivyo mvua zake ziliibomoa barabara kuu ya kwenda Lindi hapo Somanga, wilaya ya Kilwa, magari yakakwama na mikoa ya kusini ikakatiwa njia. Maana kimbunga kina silaha tatu: upepo, bahari inayofura, na mvua. Upepo huweza kupungua na mvua isipungue. Waulize watu wa Malawi, ambao hawana pwani ya bahari: mwezi wa Machi mwaka 2023 kimbunga Freddy kilipowafikia upepo wake ulikuwa umekwisha kudhoofika, lakini mvua ziliporomosha udongo wa milima karibu na Blantyre, na mamia ya watu wakafa.

Matumizi ya neno katika mazungumzo

Neno kimbunga ni la ngeli ya ki- na vi-. Husemwa "kimbunga kikali kimepita", na wingi wake "vimbunga vikali vimepita". Dhoruba, tufani na gharika hazibadiliki katika wingi: "dhoruba imevuma", "dhoruba zimevuma". Vitendo vinavyopatana navyo ni hivi: kimbunga huvuma, hupiga, hukumba, huezua, hung'oa, na mwisho hudhoofika au hutulia.

Watu hulitumia pia kwa mfano. Husemwa, "Aliingia nyumbani kama kimbunga," yaani kwa kishindo na hasira. Husemwa juu ya timu ya mpira, "Imewapitia wenzao kama kimbunga." Dhoruba nayo hutumika kwa taabu za maisha: "Mjane yule amepita katika dhoruba nyingi." Na mtu mwenye mawazo mengi husemwa kwamba moyo wake una tufani. Matumizi hayo ni mazuri, tena ni pambo la lugha, hatumkatazi mtu. Lakini mfano hupata nguvu kutoka katika kitu chenyewe. Kila kivumbi cha uwanjani kikiitwa kimbunga, na kila ugomvi wa sokoni ukiitwa kimbunga, siku kitakapokuja kimbunga chenyewe tutakuwa hatuna jina la kukiita. Neno la hatari ni kama ngoma ya mgambo: ikipigwa kila siku kwa mchezo, siku ya vita hakuna atakayetoka.

Hapana budi pia kuyajua maneno yaendayo pamoja na tangazo lenyewe. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutumia ngazi tatu, na kila ngazi ina rangi yake. Angalizo ni rangi ya manjano: maana yake uwe macho na ufuate habari. Tahadhari ni rangi ya machungwa: maana yake ujitayarishe, kwa kuwa madhara yatazamiwa. Tahadhari kubwa ni rangi nyekundu: maana yake uchukue hatua mara moja. Msomaji aonaye neno angalizo asikimbie hovyo, wala aonaye tahadhari kubwa asiseme, "Ni yale yale ya jana."

Na hatua zenyewe si ngumu. Chombo kivutwe mbali na maji, juu kuliko alama ya bamvua. Akiba ya maji ya kunywa, chakula kikavu, taa na hati za nyumba viwekwe pamoja katika mfuko usiopenya maji. Walio bondeni au kando ya mto wahamie mahali palipoinuka kabla ya giza. Na upepo ukikoma ghafula katikati ya vurugu, mtu asitoke mpaka apate habari kwamba kimbunga chote kimekwisha kupita.

Zoezi

Sasa msomaji na ajipime. Asome sentensi hizi tano, azitambue zilizo sawa na zilizo na kosa, kisha atazame majibu yetu.

1. Jana mchana kimbunga kidogo kilizungusha vumbi uwanjani kwa dakika mbili.
2. Tufani ilipozidi, nahodha alitua tanga.
3. Kimbunga kimedhoofika, kwa hiyo hatari imekwisha.
4. Dhoruba ya usiku ilipindua mitumbwi ziwani.
5. Upepo ulipokoma ghafula katikati ya kimbunga, tulijua kwamba nusu ilikuwa bado.

Majibu ni haya. Ya kwanza ina kosa, maana kile kilikuwa kisulisuli. Ya pili ni sawa. Ya tatu ni sawa kwa sarufi, lakini maana yake ni ya kumpoteza mtu, kwa kuwa mvua huweza kubaki. Ya nne ni sawa. Ya tano ni sawa, na mtu aijuaye kwa moyo atakuwa amefaidika na mafundisho haya yote.

Baada ya mashua yake kutengenezwa, mzee wetu alikuja tena barazani, nasi tulimweleza mambo haya kwa utaratibu, kama tulivyowaeleza ninyi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza habari ya jicho mara mbili, kisha akasema, "Basi hicho si kile cha uwanjani. Hicho ni kingine kabisa, na siku ile kilistahili jina lake." Siku hizi yeye ndiye awasahihishaye watoto wakiita kivumbi kimbunga.

Wasomaji wetu, wengi wenu ndio mnaowasomea wengine barua na matangazo, maana katika kila kijiji wako wanaotegemea macho ya mtu mwingine. Mkiulizwa maana ya neno, msijibu kwa haraka kama tulivyojibu sisi. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini dalili ya kimbunga, kwa mtu aliye mbali na habari, ni neno tu midomoni mwa msomaji wake.